Magego Yakipungua, Zihesabiwe Jozi

Katika msikiti wetu hapa Bariadi kuna desturi ya siku nyingi kwamba waliotoka vijijini kuja kuswali Ijumaa hawaachwi warudi na njaa. Masinia huwekwa barazani, wali siku za neema na makande siku nyingine, na wazee hutengewa sinia lao karibu na nguzo ya mwisho ambako kivuli hakihami mapema. Mwaka jana, miezi michache kabla ya Ramadhani, tuliona pengo katika sinia hilo. Mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza, ambaye mvua haijawahi kumzuia swala ya Alfajiri, alianza kuaga mara tu imamu alipomaliza kutoa salamu. Wiki ya kwanza alisema ana mgeni nyumbani. Wiki ya pili alisema ng'ombe wake anaumwa. Wiki ya tatu hakusema kitu.

Baadhi yetu tulidhani ana kinyongo na kamati kwa ajili ya lile suala la tangi la maji, na sisi tulio katika uandishi tukaagizwa tutayarishe barua ya suluhu. Barua hiyo imo katika faili hadi leo. Haikupelekwa, kwa sababu siku mbili baadaye mzee alikuja mwenyewe akiwa na karatasi mkononi.

Karatasi ilikuwa ya fundi wa meno anayezunguka minadani. Alikuwa amemtazama mzee kinywani kwa kurunzi na kumweleza kwamba magego yake mengi yamekwisha, na kwamba mtu asiye na meno ya nyuma taya lake hulegea likatoka katika kiungo chake, mashavu hutumbukia ndani, na masikio huanza kuuma. Dawa, kwa maelezo yake, ilikuwa kibao cha meno ya bandia chini, kushoto na kulia. Lakini kwanza ling'olewe jino moja la juu lenye tundu, ili kibao kikae vizuri. Gharama aliyoiandika, kwa bei ya mnada wa mwezi ule, ilikuwa thamani ya mbuzi wanne. Mzee alikuwa na mbuzi wawili. Wengine wawili aliwaomba kwa kamati.

Tulikaa baada ya Isha. Mweka hazina aliuliza kama mfuko wa sadaka, ambao kwa kawaida huhudumia wagonjwa, mayatima na maziko, unaingia pia katika meno. Mjumbe mmoja alisema kwamba lau yangekuwa meno ya mbele angeelewa, maana mtu anahitaji uso wake mbele za watu, lakini magego nani anayeyaona? Mwingine akamjibu kwamba hajapata kuona mtu akila kwa uso. Hapo sheikh wetu akacheka, akasema kwamba mzozo huo si wa kamati ya Bariadi, ni wa zamani mno.

Akatukumbusha aliyoyapokea Imamu Malik katika Muwatta. Marwan bin al-Hakam alimtuma mjumbe kwa Ibn Abbas kuuliza fidia ya gego lililovunjwa. Jibu likawa ngamia 5. Marwan akamrudisha mjumbe yule yule aulize: inakuwaje meno ya mbele yawekwe daraja moja na magego? Ibn Abbas akamwelekeza kwenye vidole vya mkono, ambavyo fidia yake ni sawa ingawa kazi zake si sawa. Humo humo imepokewa kwamba Sayyidna Umar alihukumu ngamia 1 kwa gego na Muawiya akahukumu 5, na Said bin al-Musayyab akaona kwamba lau ni yeye angeweka 2. Kwa hiyo wakubwa wetu waliangalia kinywani kabla yetu, nao hawakukubali kwamba jino lisiloonekana ni jino lisilo na haki.

Hoja ya mwenye uso ikaishia hapo. Mkutano ukaamua jambo moja la busara, ambalo tukiri kwamba halikutoka kwa katibu: kabla ya kutoa fedha, mzee aonwe na daktari wa kinywa na meno hospitalini, na mmoja wetu amsindikize.

Aliyempokea alikuwa daktari wa kike, kijana, aliyemwita mzee babu, naye akaitwa mwanangu kabla hata ya kukaa. Alimwambia, "Babu, uma meno kama unavyotafuna nyama," akapitisha ukanda mwembamba wa karatasi ya rangi baina ya meno ya juu na ya chini, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Palipogusana rangi ilibaki. Akaandika, akarudia. Mzee akauliza yamebaki mangapi.

"Sijahesabu meno, babu. Nimehesabu jozi."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa hiyo tutalifafanua.

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Mbele, juu na chini, kuna meno 4 ya kukatia, na pembeni mwake chonge 2. Nyuma ya kila chonge yapo magego madogo mawili, na nyuma ya hayo magego makubwa matatu, ambayo la mwisho huchelewa kuota na kwa wengine halioti kabisa. Lakini kutafuna si kazi ya jino, ni kazi ya jino na mwenzake. Mchi usio na kinu hautwangi. Mzee wetu alikuwa na magego makubwa mawili upande wa juu kulia, mazima kabisa, aliyokuwa akijivunia. Hayakuwa yakimsaidia lolote, kwa kuwa ya chini yake yaling'olewa zamani. Kwa upande wa pili, magego madogo yalikuwa yakikutana jozi zote 4, na nyuma kushoto ilibaki jozi moja ya magego makubwa. Meno ya mbele yalikuwa kamili. Daktari akasema kwamba kinywa cha namna hiyo kinatosha kumlisha mtu, na kwamba kibao cha meno hakihitajiki.

Mzee hakufurahi. Alikuwa amekwenda na maumivu, naye akiambiwa hahitaji dawa aliyoiandalia mbuzi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama kinatosha, basi mbona hawezi kula?

Daktari akamwonyesha kwa kioo. Chini kulia, mahali palipong'olewa gego miaka mingi nyuma, kulibaki kisiki cha mzizi ndani ya ufizi, na ufizi umevimba juu yake. Kila chembe ya kande ilipopita pale ilikuwa kama kijiti ndani ya jipu. Kwa ajili hiyo mzee alikuwa akitafunia upande mmoja tu, harakaharaka, akimeza vipande vizima, kisha tumbo linamsumbua usiku. Na lile jino lenye tundu, ambalo fundi wa mnadani alitaka kuling'oa, lilikuwa gego dogo la juu kulia. Lilikuwa hai, tundu lake halijafika kwenye mshipa. Lingezibwa. Lau lingeng'olewa kama alivyoshauri fundi, jozi moja katika zile 4 ingeondoka, na upande wa kulia, ambao hauna gego kubwa linalokutana na mwenzake, ungebakiwa na jozi moja tu. Sadaka ya Waislamu ingekuwa imenunua hasara hiyo.

Msomaji anaweza kuuliza, maneno haya ya kwamba kinywa kilichopungua kinatosha yametoka wapi? Kwa muda mrefu madaktari wenyewe walifundishwa kwamba pengo lolote lazima lijazwe. Mwaka 1981 daktari wa Kiholanzi, Arnd Käyser wa chuo kikuu cha Nijmegen, alichapisha uchunguzi wa watu 118 waliopungukiwa magego kwa viwango mbalimbali, akaona kwamba mwili hujirekebisha na kuendelea na kazi yake vizuri ikiwa magego madogo yote bado yanakutana na hasa ikiwa pande mbili zinalingana. Wenzake wa Nijmegen wakawafuatilia watu wa aina hiyo kwa miaka 9. Meno yaliyobaki yalisogea kidogo mwanzoni kisha yakatulia. Walipowalinganisha na waliovalishwa vibao vya meno ya nyuma vya kuvaa na kuvua, hawakuona kwamba vibao vimewaongezea uwezo wa maana. Shirika la Afya Duniani nalo likaja kutaja meno 20 ya asili, yaliyopangika vizuri, kuwa kiasi cha kumfaa mtu maisha yake yote. Wajapani wamefanya kampeni ya taifa tangu mwaka 1989, kwamba mtu afike umri wa miaka 80 akiwa na meno yake 20.

Sasa Uholanzi si Simiyu. Mtu anayekula mkate na jibini hawezi kumtolea ushahidi anayekula nyama ya mnadani, muwa, mahindi ya kuchoma na matobolwa. (Kwa wasomaji wa pwani: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke, michembe hukatwa vibichi na kuanikwa. Michembe hupikwa, matobolwa hutafunwa makavu, na taya la mgeni hulijua.) Swali hilo liliulizwa na Mtanzania. Daktari P. T. N. Sarita wa Muhimbili, akishirikiana na watu wa Nijmegen, alichunguza hapa hapa nchini watu wazima 725 waliopungukiwa magego na kuwalinganisha na 125 waliokuwa na meno kamili. Aliuliza juu ya vyakula vya Kitanzania, si juu ya jibini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Wenye magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa walikuwa wakitafuna vya kutosha. Waliobakiwa na jozi 3 au 4 tu za magego madogo, na wale ambao upande mmoja umekwisha kuliko mwingine, walilalamikia vyakula vigumu. Waliobakiwa na jozi 2, 1 au pasipo hata moja walikuwa katika dhiki ya kweli. Ama kuhusu taya, lile tishio la fundi kwamba litachomoka, haukuonekana ushahidi kwamba kupungua kwa magego peke yake kunaleta ugonjwa wa kiungo cha taya. Isipokuwa pale ambapo nyuma hakuna tena kitu kinachokutana, upande mmoja au yote miwili, ndipo hatari ya maumivu na milio ya kiungo ilipozidi.

Kwa nini iwe hivyo? Weka vidole viwili mbele ya masikio yako, ufungue kinywa na kukifunga. Kile kinachocheza chini ya vidole ndicho kiungo cha taya. Sasa mfikirie fundi cherehani anapokata kitambaa kizito: hatumii ncha ya mkasi, hukisukuma kitambaa nyuma, karibu na kipini kinachounganisha makali. Magego makubwa yapo karibu na kiungo kwa hekima hiyo hiyo, na ndiyo maana nguvu ya kusaga iko nyuma. Yakiondoka, kazi husogea mbele kwenye magego madogo, ambayo huiweza kwa shida kidogo: mtu hutafuna mara nyingi zaidi kabla ya kumeza, na hula polepole zaidi. Yakiondoka na hayo madogo, kazi huangukia meno ya mbele, ambayo yameumbwa kwa kukata, nayo kwa kusukumwa kila siku huanza kuchomoza nje na kuachana.

Hapa tuseme jambo ambalo hatukulisoma katika uchunguzi wowote bali tuliliona barazani. Aliyepungukiwa magego huhitaji muda, na sinia halingoji. Watu sita wakizunguka sinia moja, mwenye meno kamili amekwisha kula finyango tatu ilhali mzee bado anaizungusha ya kwanza shavuni. Ataona haya kuitema. Ataona haya zaidi kutengewa sahani yake kama mgonjwa. Basi humeza nzima, au huaga mapema na kusema ng'ombe anaumwa. Tulipolitambua hilo, hatukumtengea mzee sahani. Tuliwaomba wapishi wakate nyama ndogondogo kwa masinia yote na karanga zisagwe ndani ya mboga badala ya kuletwa nzima. Vijana walinung'unika Ijumaa mbili.

Mzee aling'olewa kisiki, na lile jino likazibwa. Kuziba hakukuhitaji hata mashine. Daktari alitumia vifaa vya mkono, akakwangua uozo na kujaza dawa inayoshikana na jino. Njia hiyo ya kutumia vifaa vya mkono peke yake ilianzia hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika kazi za chuo cha madaktari wa meno cha Dar es Salaam kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, kisha ikasambaa duniani, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani. Twaandika hivi kwa sababu wengi wetu tukisikia jino limetoboka hatuna neno jingine ila kung'oa. Jino lenye tundu ambalo huuma kwa maji baridi kisha hutulia, aghalabu bado lina maisha. Likianza kuuma lenyewe usiku pasipo kuguswa, nafasi imepungua, ingawa haijafungwa. Na kama fedha ni kidogo na meno mabovu ni mengi, mtu amuulize daktari lipi lenye mwenzake. Gego dogo linalokutana na mwenzake lipewe haki ya kwanza kuliko gego kubwa lililo peke yake.

Wale wa Meatu tuna neno nao la pembeni. Maji ya visima katika sehemu kadhaa za wilaya hiyo yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaoyanywa meno yao ya ukubwani huwa na madoa ya hudhurungi. Tumesikia watu wakiyaita meno yaliyooza. Si kuoza. Jino la hudhurungi linatafuna, na anayeling'oa kwa sababu ya rangi amejipunguzia jozi bure. Lenye madoa makali huweza kumeguka, kwa hiyo litazamwe na daktari, lakini rangi peke yake si hukumu.

Turudi kwenye mfuko wa sadaka. Mzee alirejeshewa mbuzi wake, maana yake hawakuuzwa, na gharama ya hospitali ilikuwa ndogo mno kulinganishwa na karatasi ya fundi. Katika kikao kilichofuata tulikuwa na fedha iliyokwisha kutengwa na tulikaribia kuirudisha hazina. Ndipo mwakilishi wa akina mama, ambaye kwa kawaida huzungumza mwishoni, akauliza: hizo jozi mnazozihesabu, mmewahi kuzihesabu kwa Bi. Mwalimu?

Bi. Mwalimu ni mjane anayesomesha wasichana wadogo madrasani. Hakuna hata mmoja wetu wanaume aliyejua. Akina mama walijua kwamba katika kila walima yeye hubeba chakula chake kwenda nacho nyumbani, na walijua kwamba nyumbani hali zaidi ya uji, ugali wa kulowekwa na mlenda. Amekonda, na ukonde ule tulikuwa tukiuita uchamungu. Alipopelekwa hospitalini karatasi ya rangi iligusa meno yake ya mbele na jozi moja ya magego madogo, basi. Kiungo chake cha taya upande wa kushoto kilikuwa kikilia kila anapofungua kinywa, na asubuhi huamka nacho kizito. Hakuwahi kumwomba mtu chochote.

Alikuwa na huzuni nyingine, ambayo aliwaeleza akina mama peke yao na baadaye akaturuhusu tuiseme. Waliosoma tajwidi wanajua kwamba makhraji ya herufi ya dhadi ni ubavu wa ulimi unapoegemea magego ya juu. Magego yake ya juu yamekwisha pande zote mbili. Kila alipofika mwisho wa Fatiha mbele ya watoto, aliwaambia wasitazame mdomo wake, wasikilize kinasa sauti. Sheikh alimtuma salamu kwamba mtu halazimishwi asichokiweza na swala yake haina tatizo. Akajibu kwamba analijua hilo. Linalomuuma ni watoto kujifunza kutoka kwake herufi iliyolegea.

Fedha iliyotengwa kwa mzee ikatolewa kwa Bi. Mwalimu, na iliyopungua ikakusanywa. Alipelekwa Mwanza mara tatu, kwa njia ya Lamadi na Magu, akifuatana na binti wa dada yake. Safari ya kwanza aliumishwa dawa laini kama kinyunya ili lipatikane umbo la fizi zake. Safari ya pili alijaribishwa, na ya tatu akavalishwa, juu na chini.

Tusiwadanganye wasomaji kwamba ilikuwa harusi. Wiki mbili za kwanza alisema ni kama kubeba kijiko kinywani kutwa. Palikuwa na mahali panapochoma, ikabidi arudi mara ya nne pakwanguliwe. Alianza na wali laini na ndizi, akitafuna pande zote mbili kwa pamoja, maana kutafunia upande mmoja hukiinua kibao upande wa pili. Usiku huvivua, huvisugua na kuviweka katika maji safi, na fizi zipumzike. Meno yake ya asili yaliyobaki huyapiga mswaki kwa uangalifu kuliko zamani, kwa kuwa chakula hupenda kujificha pale kibao kinapogusana na jino, na jino linaloshika kibao likioza, kibao nacho hakina pa kushika. Haya ndiyo yaliyotufanya tuelewe kwa nini daktari hakutaka kumpa mzee kitu hicho hicho. Kwa asiye na jozi, ni msaada mkubwa wenye taabu zake. Kwa mwenye jozi za kutosha, zinabaki taabu zake tu.

Anayetaka kujua hali yake mwenyewe anaweza kuanza nyumbani kwa kioo na nuru ya mchana: aume meno, avute shavu kwa kidole, atazame nyuma ya chonge ni wapi la juu linakutana na la chini. Akiona jozi zake 4 za magego madogo zimekutana na nyuma yake kuna jozi nyingine hata moja, asitishwe na mtu wa mnadani, azilinde. Akiona 2 au chini ya hapo, aende kwa daktari hata kama haumwi. Na wapo wasiopaswa kungoja kuhesabu: ambaye kinywa hakifunguki kwa upana wa vidole vitatu, ambaye taya hukwama, ambaye shavu limevimba kwa homa, na ambaye ana kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili, hasa kama anatumia ugoro au sigara. Wenye kisukari nao waangalie fizi zao, kwa kuwa ugonjwa huo huharakisha fizi kulegea, na jino hung'oka likiwa zima.

Neno kwa wazazi wenye watoto wa miaka 6. Gego la kwanza kubwa la utu uzima huota katika umri huo, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, pasipo jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa hiyo wazazi hulidhani la utotoni, likitoboka husema litang'oka lenyewe liote jingine. Haliotei jingine. Katika darasa la Bi. Mwalimu akina mama walipowatazama watoto kwa kurunzi walikuta magego hayo ya miaka 6 yakiwa na matundu kwa watoto kadhaa wasiotimiza hata miaka 10, na pipi zikiuzwa mlangoni pa madrasa na mmoja wa wajumbe wetu. Ameambiwa auze karanga. Bado tunazungumza naye.

Kamati sasa imeweka katika daftari la mfuko safu moja mpya, inayojazwa na daktari: jozi zinazokutana, kulia na kushoto. Maombi matatu yameletwa tangu hapo. Moja lilikubaliwa kwa ajili ya meno ya bandia, mawili yakageuzwa kuwa ya kuziba. Wenye maombi hayo mawili mwanzoni walituona mabahili.

Mzee amerudi kwenye sinia la nguzoni. Anakula polepole kuliko wenzake na sasa anasema wazi, "Ningojeni, mimi ni wa jozi tano." Ijumaa iliyopita alikuja na mfuko wa matobolwa kutoka shambani kwake, akayachovya katika chai ya tangawizi mpaka yakalainika, akatupitishia. Bi. Mwalimu alipelekewa fungu lake upande wa wanawake. Alirudisha ujumbe kwamba yeye atayala makavu.